Aliyeandikwa Marehemu Nyumba Nambari 47

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi cha Sakina, Nairobi
Tarehe: 18 Juni 2025, kuanzia saa sita na dakika ishirini mchana
Jina: Khawla Haidari Famau
Umri: Miaka 31
Kazi: Mtengenezaji wa programu za kompyuta
Makazi: Nyumba nambari 47, mtaa wa Sakina, Eastlands
Lugha: Kiswahili
Mbele ya: Koplo Kamene Nthoki

Mimi ndiye Khawla Haidari niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikukamatwa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu tangu Jumanne ya wiki jana kuna watu mtaani wanaosema mimi ndiye niliyemwandika mama yangu mzazi, Waridi Shee, kuwa amekufa. Aliyemwandika ni Zaki Nuh, ambaye mmemweka ndani tangu juzi. Keshokutwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ofisi ya mradi wa nyumba mpya inafunga kupokea pingamizi. Pingamizi letu lisipofika na vithibitisho vyake, mama hana nyumba, na anayepewa ni Zaki.

Nianze na Zaki ni nani kwetu. Mamake, marehemu Yurub, alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, nyumba nambari 48. Alifariki siku tisa baada ya kumzaa. Mama alikuwa na mimi mkononi, nina miezi minne, akamchukua Zaki akampa ziwa la pili. Alitunyonyesha sote zaidi ya mwaka mzima. Babake Zaki, Mzee Nuh, alikuwa dereva wa lori. Akaoa Isiolo, akahamia huko, na nyumba 48 ikaenda kwa watu wengine. Zaki akakaa kwetu mpaka akamaliza shule. Mimi sina ndugu mwingine, tumbo la mama lilinitoa mimi peke yangu.

Koplo ameniuliza maziwa yanahusiana vipi na kompyuta. Yanahusiana sana. Kwa dini yetu Zaki ni ndugu yangu wa kunyonya. Hawezi kunioa, na naweza kukaa naye chumba kimoja kutwa nzima bila mtu kunyanyua ulimi. Mwanamke mwingine wa mtaani kwetu akitaka kufanya kazi hii na mwanamume, itabidi amlipe shangazi wa kukaa mlangoni. Mimi na Zaki tumefanya kazi pamoja miaka minane kwenye chumba cha mbele cha mama, meza mbili, waya mmoja wa umeme. Lakini maziwa yanakataza ndoa tu, hayarithishi. Mtoto wa kunyonya hana fungu katika mali ya mama aliyemnyonyesha, labda mama mwenyewe ampe akiwa hai. Kila aliyepita madrasa ya Sakina analijua hilo, na Zaki ndiye aliyekuwa akishika namba moja.

Mnamo tarehe 8 Februari mwaka huu, siku ya Jumamosi, kamati ya wapangaji ilikutana ukumbini. Mwenyekiti wetu ni Bi Nalianya, muuguzi mstaafu. Alieleza kwamba nyumba za zamani zitabomolewa na kila mwenye kadi ya nyumba atapewa nyumba mpya. Kadi ni ile karatasi ngumu ya manjano yenye muhuri, na nyingi zimechakaa, nyingine zimeliwa na panya. Kamati ilitakiwa kutengeneza daftari moja la kompyuta lenye nyumba zote 214: jina la mwenye kadi, picha ya kadi, picha ya mwenyewe amesimama mlangoni kwake. Bi Nalianya alitutazama mimi na Zaki akasema, "Wanangu, hii ni ya nyumbani, msinitafutie mtu wa nje." Tukakubali.

Tuliporudi nyumbani tukaanza kubishana daftari likae wapi. Zaki alitaka liwekwe kwenye wingu, yaani faili zikae kwenye kompyuta za kampuni ya mbali na sisi tuzifikie kwa mtandao kutoka popote. Alisema, "Kompyuta ikiibwa, daftari lipo. Nyumba ikiungua, daftari lipo. Wewe unataka tutembee na diski mfukoni kama wazee wa zamani?" Hakukosea. Kwa kazi ya watu wawili wanaoandika kwa wakati mmoja hakuna kitu kizuri kama wingu, na mimi mwenyewe nalitumia kwa wateja wangu wote.

Lakini nilimwambia wingu ni mahali pa kufanyia kazi, si mahali pa kuwekea ushahidi. Mtu akigusa kitu pale, kimeguswa kila mahali kwa mara moja, na akifuta kimefutika kote. Nilitaka kila wiki tuchukue daftari lote na picha zote, tuzibane ziwe faili moja, tulifunge kwa nenosiri, na tuliweke kwenye diski ambayo haigusi mtandao. Faili la namna hiyo halisasishwi. Linabaki vile lilivyokuwa siku ile, liwe na makosa yake na kila kitu.

Jumamosi iliyofuata Bi Nalianya alitutaka tuwaeleze wanakamati kwa Kiswahili cha kueleweka. Mzee mmoja akauliza hilo wingu liko wapi hasa, na mvua ikinyesha inakuwaje. Watu wakacheka. Nikawaambia wingu ni ubao wa darasani, kila mwenye chaki anaandika na kila mwenye dasta anafuta. Faili lililofungwa ni picha ya ule ubao. Bi Nalianya akaamua tutumie vyote viwili: kazi ifanyike kwenye wingu, na kila Alhamisi tufunge faili tuliweke kwenye diski. Diski akae nayo mama yangu, kwenye sanduku lake la nguo, kwa sababu mtaa mzima unamwamini. Nilifurahi sana siku ile, nilidhani tumefanya kazi ya watu wazima.

Sasa niseme makosa yangu, kabla wakili wa Zaki hajayasema. Akaunti ya wingu ilifunguliwa kwa jina la Zaki, kwa sababu kadi yake ya benki ndiyo iliyokuwa inakubali kulipa mtandaoni. Mimi nilikuwa mgeni ndani ya akaunti yake. Mwenye akaunti peke yake ndiye anayeweza kufuta kumbukumbu za matoleo ya zamani, mgeni hawezi. Nililijua hilo na nikalinyamazia. Kosa la pili, nenosiri langu Zaki alilijua tangu mwaka 2019, nilipolazwa hospitali wiki tatu akanimalizia kazi ya mteja kwa jina langu. Sikulibadilisha. Ningelibadilisha ningekuwa namwambia nini, ndugu aliyeniletea supu wodini?

Kosa la tatu ndilo kubwa. Programu ya daftari niliiandika mimi, na mimi ndiye niliyeweka sharti kwamba sehemu ya mrithi haifunguki mpaka mwenye kadi awe ameandikwa marehemu. Nilifanya hivyo ili watoto wenye tamaa wasijiandike juu ya wazazi wao walio hai. Niliona nimewalinda wazee.

Tulianza kupiga picha za kadi mwezi wa pili. Faili la kwanza tulilifunga Alhamisi tarehe 20 Februari. Kila tulipofunga faili, programu ilitoa alama yake, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaohesabiwa kutokana na kila kilichomo ndani. Ukibadilisha nukta moja tu, alama inageuka yote. Mimi niliinakili alama hiyo kwa kalamu kwenye daftari la shule, kila Alhamisi, pamoja na tarehe. Zaki alikuwa akinicheka, ananiita karani. Kuanzia tarehe 20 Februari mpaka tarehe 15 Mei ziko alama kumi na tatu kwa mwandiko wangu. Daftari hilo nimelikabidhi kwa Koplo.

Mnamo Alhamisi tarehe 22 Mei mama alikuwa na miadi ya macho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, anaona watu kama moshi. Nilitaka kuahirisha kwa sababu ya kufunga faili. Zaki akasema, "Nenda na mama, mimi nitafunga. Macho ya mama ni muhimu kuliko faili." Akamwomba mama diski, mama akampa na ufunguo wa sanduku. Akamwomba na kadi ya nyumba, eti picha ya kwanza ina kivuli. Mama akampa na kadi. Mimi nilikuwepo nikisikia, nimeshika kibeti cha mama, na sikuona ajabu yoyote.

Tulikaa kwenye foleni ya kliniki kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Kadi ya kliniki ina muhuri wa siku hiyo, nimeikabidhi. Saa tano kasorobo hivi Zaki alinipigia simu kuuliza kama mama amekula kitu. Nilimpa mama simu, akazungumza naye, akamwambia ale muhogo uliobaki jikoni. Nakumbuka saa kwa sababu ndipo jina la mama lilipoitwa dirishani. Faili la siku ile ndilo lilikuwa la mwisho; wiki iliyofuata daftari lilichapishwa, Bi Nalianya akalitia saini, likapelekwa ofisi ya mradi.

Ijumaa tarehe 6 Juni ilikuwa Idi ya kuchinja. Zaki alikuja na paja la mbuzi kutoka Kiamaiko, ambako amepanga chumba. Alimrudishia mama kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mama akaubusu ule mfuko akauweka sandukuni. Alikula pilau sahani mbili. Mama akamwombea dua apate mke mwema na nyumba yenye baraka. Akaitikia amina, mimi nilimsikia kwa masikio yangu.

Jumanne tarehe 10 Juni nilikuwa Kariokor, kwa mteja wangu mwenye duka la ndara za akala, zile za mpira wa tairi, namrekebishia programu ya stoo. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu asubuhi. Simu yangu ikaingia ujumbe kutoka kwa jirani: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana dada Khawla." Kabla sijajibu ukaingia wa pili, wa tatu. Zilikuwa saba. Nilimpigia mama, simu ikaita haikushikwa. Nilimpigia Zaki, simu imezimwa. Niliondoka dukani bila viatu vyangu, nimevaa zile ndara za majaribio, moja kubwa moja ndogo. Nilikimbia, nikapanda pikipiki, nikashuka, nikakimbia tena. Kwa muda wa dakika arobaini mama yangu alikuwa amekufa. Sitamsamehe Zaki dakika zile hata akinirudishia nyumba mia.

Nilipofika nilikuta wanawake wamejaa barazani kwa tanzia, wengine wameshika sukari na majani ya chai. Na mama yangu yuko katikati yao anagawa vikombe. Aliniona nalia akasema, "Karibu, mwanangu. Maiti mwenyewe ndiye anayepika chai, hamna wa kumsaidia." Wanawake wakacheka mpaka machozi. Mimi nikakaa chini pale pale mlangoni.

Habari ilikuwa imetoka ukumbini. Saa tatu asubuhi ofisi ya mradi ilibandika orodha ya wanaopewa nyumba, kutokana na daftari letu. Nilikwenda kusoma mwenyewe. Kwenye nyumba 47 kuliandikwa: "Waridi Shee, marehemu. Mrithi: Zaki Nuh, mwana wa kuzaa." Nilisoma mara tatu. Watu walikuwa nyuma yangu wananong'ona. Kuna aliyesema kwa sauti kwamba daftari ni la Khawla, na Khawla ndiye aliyekuwa na mashine.

Bi Nalianya aliniambia alitia saini kila ukurasa lakini hakusoma kila mstari, kwa sababu alijua tulioliandika ni watoto wake. Alilia. Sikuwa na nguvu ya kumlaumu.

Nilirudi nyumbani nikafungua wingu. Kumbukumbu ilionyesha kwamba maneno "marehemu" na "mwana wa kuzaa" yaliandikwa Alhamisi tarehe 22 Mei saa nne na dakika arobaini asubuhi, kwa akaunti yangu mimi. Jina langu liko pale. Saa ile nilikuwa kliniki na mama, na aliyejua hivyo kwa hakika ni mtu mmoja, aliyenipigia simu dakika chache baadaye kuuliza kama marehemu amekula. Nilipotafuta toleo la nyuma, matoleo yote ya kabla ya siku hiyo yalikuwa yamefutwa. Nimeshasema ni nani tu awezaye kuyafuta.

Nikatoa diski sandukuni. Mafaili kumi na matatu yapo, na la kumi na nne la tarehe 22 Mei lipo. Nilitoa alama zao upya nikalinganisha na daftari langu la shule. Hakuna hata moja iliyolingana. Aliyafungua yote, akaondoa ndani yake picha na maandishi ya mama, akayafunga tena na kuyaandika tarehe za zamani. Kazi ya siku nzima, na aliifanya kwenye meza yake pembeni ya meza yangu, huku akila muhogo wa mama. Usafi wa kazi ile niliutambua, ndio mkono wake. Nilichukia kwamba niliutambua.

Kesho yake, Jumatano tarehe 11, nilimchukua mama mpaka ofisi ya mradi. Nilidhani mtu akijitokeza mzima mwenye pumzi, yamekwisha. Karani wa pale alikuwa na adabu, alimpa mama kiti. Alisema haitoshi kuwa hai, alete na kadi yake halisi ya nyumba, ndipo pingamizi lipokewe. Mama akatoa mfuko wake wa plastiki kwa furaha. Karani akaufungua. Ndani kulikuwa na karatasi nyepesi iliyochapishwa kwa rangi, muhuri na vyote, nakala. Mama haoni, hakujua. Akawa anauliza, "Imeonekana? Imeonekana?" Nilimwambia tutarudi.

Alhamisi tarehe 12 Juni saa kumi jioni nilikwenda Kiamaiko. Chumba cha Zaki kiko ghorofani juu ya ua wa mbuzi. Alifungua akasema, "Niaje, Khau. Ingia, usisimame mlangoni." Nilisimama pale pale mlangoni nikamuuliza, "Mama amekufa lini?"

Akasema, "Hilo ni neno tu kwenye kisanduku. Mfumo hauruhusu mrithi mwenye kadi akiwa hai. Sharti uliandika wewe."

Nikamwambia angeniuliza. Akasema, "Ungekataa." Nikamwambia basi angemuuliza mama. Akageuza maneno. Alisema amemposa msichana aitwaye Kawsar, na babake Kawsar alimuuliza mbele ya watu unaishi kwa nani, yeye akakosa la kusema. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuwa na mlango wenye jina lake. Lile nililiamini, na lilinigusa, sitadanganya. Halafu akasema, "Wewe utaolewa, utaenda kwa mume. Mimi nitabaki. Mama yako nitamweka, chumba chake kipo."

Alisema "mama yako." Barabarani humwita mathe, nyumbani humwita mama. Miaka thelathini na moja sijapata kumsikia akimwita mama yangu mimi peke yangu. Nilihisi kama nimezabwa kofi. Naomba Koplo aliandike hilo hata kama si kosa kisheria.

Nilimwambia nina alama kumi na tatu kwa mwandiko wangu. Alicheka, lakini si kwa dharau, ni kile kicheko chetu cha kazini. Akasema, "Karani wangu. Alama inasema faili limebadilika. Haisemi ndani mlikuwa na nini." Anasema kweli. Daftari langu linathibitisha uongo upo, haliwezi kuirudisha kweli iliyokuwepo. Nikamuuliza kadi halisi iko wapi. Akasema iko mahali salama. Nikaondoka.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Zamani mama alikuwa akiikataa methali hiyo, anasema haikufikiria maziwa.

Ijumaa tarehe 13 Bi Nalianya aliandikisha malalamiko ya kamati hapa kituoni, na Jumatatu tarehe 16 Zaki alikamatwa. Nimeambiwa chumba chake kimepekuliwa na kadi haikupatikana. Leo asubuhi aliamka akapika wali wa nazi na samaki, akaufunga kwenye hotpoti, akaniambia nimshike mkono nimlete. Nilidhani anakuja kuandikisha maelezo yake. Amekaa kwenye benchi la nje tangu saa tano, hotpoti mapajani.

(Maelezo yamesimama saa saba na dakika arobaini na kuendelea saa nane kamili.)

Niliposimama ni kwa sababu mama aliingia humu chumbani, ameshikwa mkono na askari wa zamu. Alikuwa ametoka kumpa Zaki chakula dirishani. Koplo alikuwepo, lakini ameniambia nieleze kwa maneno yangu, basi naeleza. Mama alisema Zaki amelia. Alisema Zaki atatoa kadi, lakini kesi iondolewe kwanza. Nikasema kadi itoke kwanza, kesi si yangu, ni ya kamati na serikali. Mama akageuka upande wa sauti ya Koplo, akasema, "Afande, nyumba ni matofali. Huyu mtoto mamake alinikabidhi mkononi anakata roho, akaniambia Waridi, usimwache. Kama ndiko kutakakomtoa, niandikeni nimekufa. Mimi nitakaa popote."

Nikamuuliza, "Na mimi, mama?" Akanijibu, "Wewe una kazi yako." Basi, hayo tu.

Nimeumia, na sitaki kujifanya sikuumia. Nimezaliwa na mwanamke huyu, nimemshika mkono foleni zote za macho, nimemkimbilia mtaa hadi mtaa na viatu visivyolingana nikidhani amekufa. Sasa anaomba mwenyewe kuandikwa marehemu kwa ajili ya yule aliyemwandika, na akikubaliwa, jina linalobaki kwenye kumbukumbu ya wingu kama mwandishi ni langu. Zaki alilijua hilo. Hakutegemea wingu wala diski, alimtegemea mama.

Sitaondoa neno langu hata moja. Naiomba polisi imtake Zaki aonyeshe kadi kabla ya Ijumaa saa kumi na moja, na iipe ofisi ya mradi barua kwamba faili zote za daftari, za kwenye wingu na za kwenye diski, ziliguswa tarehe 22 Mei. Naomba iandikwe pia, hata kama mwenyewe hataki, kwamba Waridi Shee yuko hai, ana umri wa miaka sitini na minane, na amekaa hatua kumi kutoka hapa nilipo.

Nimesomewa niliyosema tangu juu mpaka hapa. Ni maneno yangu, sikuongezewa wala kupunguziwa.

Sahihi: K. Haidari
Saa nane na dakika thelathini na tano mchana

Maelezo ya afisa:

Nimepokea maelezo haya kwa hiari ya shahidi, nikayaandika, nikamsomea, akatia sahihi mbele yangu. Nimepokea vielelezo vitatu: daftari la shule moja, diski moja, kadi ya kliniki moja. Mshukiwa Zaki Nuh amehojiwa tena kuhusu kadi ya nyumba, amekataa kusema.

Waridi Shee nimemwona mwenyewe. Yuko hai. Nilimtaka aandikishe maelezo, amekataa. Kwa ajili ya kumbukumbu nilimuuliza ana watoto wangapi. Shahidi alikuwa amesimama karibu. Amejibu wawili.

Koplo Kamene Nthoki